Modemu ya Ujerumani kwenye waya wa Kigoma

Modemu ilisafiri vizuri kuliko mwenyewe. Ilitoka Ujerumani ndani ya begi la shemeji yangu, imeviringishwa kwenye taulo katikati ya viatu vya watoto, ikapanda treni Dar es Salaam, ikashuka stesheni ya Kigoma bila mkwaruzo. Aliyeshuka na maumivu ya mgongo ni shemeji. Modemu yetu ya dukani, pale Mwanga, ilikuwa imeungua na radi ya Novemba, naye akaona atupunguzie gharama. Mtumba wa kule ni kama mpya, alisema, na hii ilikuwa na antena tatu.

Tukaichomeka. Taa ya umeme ikawaka kijani, ya WiFi ikawaka, ya DSL, yaani ya intaneti inayopita kwenye waya wa simu, ikaanza kupepesa. Tukanywa chai, inapepesa. Tukala mchana, inapepesa. Tukabadilisha waya wa ukutani, tukabadilisha filta, tukainua mkono wa simu kusikiliza kama laini ni nzima, na laini ilikuwa nzima, mlio wake safi kabisa. Mwishowe tukaazima modemu ya jirani anayetoa fotokopi, kidude cheusi cha bei rahisi, antena yake moja imeshikizwa kwa selotepu. Haikupita dakika mbili taa ikatulia na barua pepe zikaanza kumiminika.

Basi, ya Ujerumani ni mbovu. Ndivyo tulivyoamua wote isipokuwa shemeji, aliyeapa kwamba aliijaribu kwa macho yake kabla ya kulipa. Ikabidi aitwe mzee mmoja mstaafu wa kazi ya laini, mtu aliyepanda nguzo tangu enzi za posta na simu kuwa shirika moja. Hakuichomeka hata. Aliipindua, akasogeza miwani, akasoma lebo.

"Nani kawaletea hii?"

"Shemeji, mzee. Katoka nayo Ujerumani."

"Basi mwacheni shemeji yenu, hajatapeliwa. Nzima hii. Ila ni B, na huku kwetu ni A."

Mji wetu umewahi kupokea chombo cha Mjerumani kikafanya kazi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha, ikaunganishwa upya hapa hapa Kigoma, na ilizamishwa ikaibuliwa ikaendelea kubeba watu ziwani miaka na miaka. Meli nzima iliyokuja kwa vipande ilikubali maji ya Tanganyika. Modemu iliyokuja nzima ikakataa waya. Nilitaka kujua kwa nini, na jibu likanipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nilikuwa nadhani ADSL, ile DSL ya majumbani na madukani, ni ADSL kama sukari ilivyo sukari.

Tuanze na waya wenyewe. Simu ya mezani hutumia nyaya mbili za shaba zilizosokotwa pamoja, mafundi wanaziita pea. Sauti ya mtu kwenye simu imepewa nafasi kati ya hezi 300 na 3,400, yaani mitetemo kwa sekunde. Watu wa simu waliona inatosha kwa mazungumzo, na ndiyo maana mtu akikupigia kwa simu ya mezani unamsikia kama yuko ndani ya debe. Shaba yenyewe haina habari na mpaka huo. Ukiipitishia mawimbi ya kilohezi 100, au 500, au 1,000, inayabeba, ila kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyochoka mapema njiani. (Kiswahili kimetutega hapa: masafa ni umbali, na masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Humu masafa ni mitetemo, na umbali nitauita umbali.)

Modemu za kwanza, zile zilizokuwa zikilia kama jogoo aliyekabwa koo, zilijibana ndani ya nafasi ile ile ya sauti. Ukiingia kwenye intaneti, simu haipigiki. Hata huko kulikuwa na ugomvi wake: mwaka 1997 U.S. Robotics walitoa teknolojia waliyoiita x2, Rockwell na Lucent wakatoa K56flex, zote zikiahidi kilobiti 56 kwa sekunde na hakuna iliyoielewa lugha ya mwenzake. Mwaka 1998 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano lililopo Geneva, likatoa kiwango cha pamoja kilichoitwa V.90 na mambo yakaisha. Ya ADSL hayakuisha upesi hivyo.

ADSL inaiachia sauti chumba chake cha chini na kuhamia ghorofani, kuanzia kilohezi 26 hivi hadi 1,104. Kazi ya ile filta ndogo ya ukutani ni kuzuia wa ghorofani wasimsumbue wa chini. Hilo halikuwa na mbishi. Ubishi ulikuwa kwenye namna ya kuitumia nafasi yote hiyo ya juu.

Kambi ya kwanza ilitoka AT&T na mbinu yake iliitwa CAP. Hapa data yote inapakiwa kwenye wimbi moja lenye nguvu kwa kila upande wa safari. Ni mbinu rahisi kutengeneza, haili umeme mwingi, na vifaa vyake vilikuwa tayari mapema. Kambi ya pili ilikuwa na mbinu inayoitwa DMT, na mtu aliyeibeba mgongoni ni John Cioffi, profesa wa Stanford aliyeanzisha kampuni ya Amati mwaka 1991. DMT inaikata ile nafasi kuwa vijinjia 256, kila kimoja kina upana wa kilohezi 4.3125, na kila kimoja kinafanya kazi kama modemu ndogo inayojitegemea.

Ukitaka kuiona DMT bila kitabu, nenda Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, uangalie ziwani. Zile taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, zimepangana kwenye giza kama mji mwingine. Upepo ukizima taa moja, mtumbwi ule umekosa lakini nyingine zinaendelea kuvuta dagaa. Palipo na mkondo mbaya hapawekwi taa, palipotulia wanakaza. CAP ni taa moja kubwa sana katikati ya ziwa. Inang'aa vizuri, na usiku ukiwa mtulivu huenda ikashinda kwa urahisi wake. Wimbi likiipiga, wote mnalala njaa.

Nisiionee CAP. Ilikuwa na kisawazishi, saketi ya kunyoosha mawimbi yaliyopindishwa na waya, na kwenye laini safi ilifanya kazi vizuri tu. Lakini laini safi iko wapi? Kuna maungio yaliyoingia maji. Kuna tawi la waya lililokuwa la mteja wa zamani, limeachwa linaning'inia, na kila wimbi linaloingia humo linagonga mwisho na kurudi kama mwangwi, likivuruga masafa fulani na kuyaacha mengine. Kuna redio: mawimbi ya kati, yale yaliyotuletea taarifa ya habari kabla ya FM kuenea, yanaanzia kwenye kilohezi mia tano na kitu, yaani ndani kabisa ya shamba la ADSL, na waya mrefu juu ya nguzo ni antena hata kama hukuuagiza uwe antena. Modemu ya DMT ikiwashwa inapima vijinjia vyote kimoja kimoja. Kilichotulia kinapakiwa hadi biti 15 kwa kila pigo, na mapigo ni 4,000 kwa sekunde. Chenye kelele kinapewa mbili au tatu. Kilichokaliwa na redio kinaachwa. Ndiyo kazi inayofanyika taa ya DSL inapopepesa kabla ya kutulia.

Mwaka 1993 mbinu hizi zilishindanishwa Marekani, kwenye maabara ya Bellcore, taasisi ya utafiti ya makampuni ya simu ya kule. DMT ikashinda waziwazi, na mwaka 1995 ikaandikwa kwenye kiwango cha Kimarekani, T1.413. Mtu angedhani hapo ndipo mwisho. Sokoni hawakusubiri karatasi. Vifaa vya CAP vilikuwa bei nafuu na viko mkononi, kwa hiyo laini nyingi za mwanzo za kibiashara Marekani zilifungwa CAP hivyo hivyo, na mteja aliyehama kampuni alijikuta na modemu ya kuegemezea mlango. Mpaka ITU ilipotoa kiwango cha dunia, G.992.1, mwaka 1999, kikiwa kimejengwa juu ya DMT, ndipo CAP ilipoanza kufifia taratibu. Wahandisi hupenda kusema DMT ilishinda kwa uzuri wa hesabu zake. Mimi nimeshika pea zenye kutu za kutosha kusema kwamba aliyeamua ni waya mbovu.

Sasa turudi kwenye herufi za mzee.

Ile A ya kwanza katika ADSL, ambayo si A ya mzee, maana yake ni kwamba pande mbili hazilingani: kinachoshuka kwako ni kingi, kinachopanda ni kidogo. Watu hudhani ni ubahili wa makampuni. Ubahili upo, siukatai, lakini chanzo ni fizikia, na aliyekiona ni Joseph Lechleider wa Bellcore, miaka ya 1980 mwishoni. Pea yako haisafiri peke yake. Inaingia kwenye kebo moja na pea za mtaa mzima, na zote zinakutana kwenye kituo cha simu. Wimbi lililotoka nyumbani kwako linafika kituoni limechoka, ni mnong'ono. Hapo hapo vifaa vya kituo vinawapigia wateja wengine kelele kwa nguvu zote, kwenye pea zilizobanana na yako. Kama kelele hizo ziko kwenye masafa yale yale ya mnong'ono wako, umekwisha. Dawa yake ni kugawana: masafa haya ni ya kupanda tu, yale ni ya kushuka tu, kwa kila mtu kwenye kebo. Na kwa kuwa masafa ya chini ndiyo yanayochoka polepole, yakapewa upande wa kupanda, ambao modemu yake nyumbani haina nguvu nyingi.

Ugawaji huo ndio ulioandikwa kwenye viambatisho vya kiwango, na kwenye lebo huonekana kama "Annex" ikifuatwa na herufi. Kiambatisho A ni cha nchi ambazo chumba cha chini kina simu ya kawaida. Kupanda kunaanza kilohezi 26 hadi 138, kushuka kunachukua kuanzia 138 kwenda juu. Ujerumani walikuwa na tatizo jingine. Kule watu wengi walikuwa wameshafungiwa ISDN, simu ya kidijiti, na ISDN ya Kijerumani haikai kwenye chumba cha sauti, inapanda hadi kilohezi 120. Ungeweka Kiambatisho A juu yake, wangekaliana. Wakasogeza kila kitu ghorofa moja: kupanda kutoka 138 hadi 276, kushuka kuanzia 276. Hicho ndicho Kiambatisho B, na kwa kutaka mambo yafanane nchi nzima, wakakitumia hata kwa nyumba zisizo na ISDN.

Chukua sasa modemu ya B, uichomeke kwenye pea ya Mwanga. Kabla ya kupima kijinjia chochote, modemu inatakiwa ibishe hodi: inatoa milio michache kwenye masafa yaliyokubaliwa na kusubiri kituo kijibu karibu. Milio ya hodi ya B si ile ya A. Kwa hiyo shemeji alikuwa amekaa mbele ya kifaa kizima, laini nzima, kituo kizima, na kifaa kinabisha hodi kwenye ukuta usio na mlango. Na hata hodi ingesikika, kingeanza kuongea katikati ya masafa ambayo kituo nacho kinaongelea. Wote wangesema, hakuna ambaye angesikiliza.

Hakuna mipangilio ya kubonyeza ikamaliza hilo. Kwenye modemu nyingi za wakati ule saketi za mbele, zile zinazochuja masafa, zimetengenezwa kwa herufi moja. Baadaye zilikuja zinazokubali zote mbili, na lebo zake husema hivyo.

Kuhusu namba zinazoandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa, nitapita haraka. ADSL ya kwanza ilifika megabiti 8 kwa sekunde za kushuka, na kumbuka ni megabiti: gawanya kwa nane upate megabaiti, yaani faili la megabaiti 60 ni dakika nzima hata mambo yakienda vizuri. ADSL2+ ya mwaka 2003 ikapandisha dari kutoka kilohezi 1,104 hadi 2,208, vijinjia vikawa 512, na boksi likaandikwa megabiti 24. Kulikuwa pia na mdogo wao, G.lite, aliyeshangiliwa sana 1998 na 1999 na Microsoft, Intel na Compaq. Alitoa megabiti 1.5 tu kwa ahadi ya kutomhitaji fundi kuja nyumbani. Watu wakagundua filta wanaweza kuichomeka wenyewe, G.lite akakosa kazi.

Boksi haliandiki umbali. Masafa ya juu, ambayo ndiyo mali ya ADSL2+, ndiyo yanayokufa kwanza. Ukiwa kilomita moja na nusu kutoka kituoni unaiona faida yake, ukivuka tatu au zaidi huioni tena kuliko ADSL ya kawaida, na kwenye kilomita tano na kitu hata hiyo ya kawaida inakata roho. Umbali wenyewe ni wa waya, na waya haukati kona kama boda: unafuata nguzo, unazunguka kilima, unarudi. Kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita tano hata ukipita barabarani moja kwa moja. Mtu wa Ujiji ambaye pea yake ingelazimika kufika mjini angeweza kununua modemu ya megabiti 24 au ya 100, taa ingempepesea sawasawa.

Megabiti za kuvuka 24 zilikuwa ahadi ya VDSL, na kwenye VDSL ugomvi wa zamani ulifufuka, nguo zimebadilishwa tu. Waliopenda wimbi moja walirudi, sasa wakiiita QAM, wakisema kwa umbali mfupi waya ni msafi kiasi cha kutohitaji vijinjia maelfu. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Ikabidi mwaka 2003 yafanyike mashindano mengine ya maabara, ambayo watu wa fani waliyabatiza Olimpiki ya VDSL, kwenye maabara mbili, ya Telcordia Marekani na ya BT Uingereza. DMT ikashinda tena, miaka kumi baada ya mara ya kwanza. Kizazi kilichofuata, VDSL2, kinapanda hadi megahezi 30 na kinataka kabati la mtaani liwe karibu, mita mia chache. G.fast ya 2014 ilikwenda megahezi 106 na inataka karibu zaidi. Ukiendelea hivyo, shaba inabaki ya kutoka getini hadi sebuleni, na mtu mwenye akili anauliza kwa nini asiimalizie na hiyo kwa faiba.

Ndiyo tunakoelekea, na ugomvi umetangulia kufika. Faiba ya nyumbani ina GPON ya ITU, iliyoandikwa 2003, inayoshusha gigabiti 2.5 na kupandisha 1.25, zigawanywe kwa nyumba zote zilizo kwenye tawi moja. Ina pia EPON ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ya 2004, gigabiti 1.25 kila upande. Vile vikasha vyeupe vinafanana kama mapacha, tundu la kuchomeka faiba ni lile lile, bei ya mtumba ni ile ile. Cha EPON hakisemi neno kwenye mtandao wa GPON. Juzi kijana mmoja alileta kimoja alichotumiwa na ndugu yake aliye nje, analalamika kwamba taa nyekundu haizimiki. Nilikigeuza kwanza, nikatafuta lebo.

Ya shemeji hatukuitupa. Tundu lake la simu halina kazi, lakini matundu ya mtandao wa ndani ni mazima na antena zote tatu zinashika, kwa hiyo tuliiunganisha kwa kebo nyuma ya kile kidude cheusi cha jirani, aliyekuwa ameamua kutuuzia, na siku faiba ilipofika ikahamishiwa nyuma ya kikasha cheupe. Ndiyo inayogawa WiFi ya duka mpaka leo. Taa ya DSL haijawahi kuacha kupepesa. Wateja walikuwa wakiuliza sana kama mtandao una shida, tukaibandika selotepu nyeusi juu yake.